Nilimchapa mwanangu kumbe anaumwa

Wiki nzima niligombana na mwanangu wa miaka 7 kwa sababu ya kunawa mikono. Ananawa, anajifuta, anarudi bombani. Usiku anauliza kama mlango umefungwa. Nikimjibu, baada ya dakika moja anauliza tena. Kisha macho yakaanza kupepesa ovyo na bega kuruka lenyewe. Nikaona ni jeuri, nikamchapa. Naandika haya kwa aibu.

Mama mkwe alisema mtoto amechezewa. Jirani akalaumu katuni za kwenye simu. Mimi nilikuwa nimesahau kwamba wiki chache nyuma aliumwa koo, na dawa nilimwachisha siku ya pili alipopata nafuu.

Daktari wa watoto aliuliza: “Mama, yalianza polepole au ghafla?” Ghafla, ningeweza hata kutaja siku. “Na koo je?”

Akanieleza kuwa bakteria wa streptokoka wakiingia kooni, mwili hutengeneza askari wa kupambana nao. Wakati mwingine askari hao hukosea adui, wakaushambulia mwili wenyewe. Wakishambulia moyo, huharibu vali zake. Wakishambulia ubongo, mtoto anaweza kurusha mikono na miguu bila kutaka. Mwaka 1998, Dk Susan Swedo na wenzake nchini Marekani walieleza habari za watoto 50 waliopata mawazo ya kujirudia na mishtuko ya misuli baada ya maambukizi hayo. Hali hiyo waliiita PANDAS.

Hakunificha kwamba madaktari bado wanabishana kuhusu jambo hili, na kwamba watoto wengi hupepesa macho kwa muda, kisha ikaisha yenyewe. Alimpima koo na damu, akasikiliza moyo, akatupa dozi kamili. Pia alitupeleka kwa mwanasaikolojia, anayemfundisha kuvumilia hamu ya kunawa, kidogo kidogo.

Sasa ana nafuu kubwa, ingawa akichoka macho hupepesa. Nilipomwomba msamaha alinijibu: “Mama, mimi nilikuwa sitaki. Mikono ndiyo ilitaka.”

Mzazi mwenzangu, tabia ya mtoto ikibadilika ghafla, weka fimbo chini. Andika tarehe, kumbuka kama aliumwa koo au homa, kisha mpeleke hospitali. Na dozi ya koo imalizwe, hata kama mtoto ameshaanza kucheza.