Jumba Letu la Nyimbo na Teatre: Nani Atalipa?



Kila mtu hapa anajua hali ya jumba letu. Mvua ikinyesha, wanakwaya wanasogeza viti upande mmoja, na wale wa teatre wanangoja. Mabati yametoboka, mbao za jukwaa zimelegea, na chumba cha nyuma, ambamo wakapita wa madarasa hufundishwa kuongoza mkutano na kutunza daftari, kimebaki bila dirisha. Sisi wakapita wa mwaka wa sita tumepewa kazi ya kukusanya mchango wa kulitengeneza. Tunapenda mjue tunavyofikiri.

Jambo la kwanza ni ulizo tunaloulizwa sokoni na hata nyumbani: "Watu wanauawa kule Beni, nanyi muko natafuta feza ya kuimba?" Ulizo hili si la kucheka. Kutoka Butembo hata Beni ni kilometa 54 tu. Tangu Oktoba 2014 raia wameuawa upande ule, mwaka kwa mwaka, na wamoja wanaosoma nasi walikimbia vijiji vyao usiku. Basi tuliwauliza wao kwanza. Mmoja alijibu kwamba alipofika hapa hakusema na mtu. Katika kwaya ndipo alipoanza tena kusema. Jibu hilo lilitutosha.

Tena tukumbuke Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha tarehe 25 Juni 2020. Tulikuwa wadogo, lakini tuliona. Chanjo ilikuwako, waganga walikuwako, ila watu wengi hawakuamini waliokuja nayo. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Siku zile mji ulihitaji watu wanaojua kusimama mbele ya wengine, kusikiliza kwanza, kisha kusema neno likakubaliwa. Kazi hiyo haianguki toka mbinguni, mtu huifundishwa. Kwetu sisi inafundishwa katika jumba lile.

Sasa feza. Wengi wanatushauri: "Andikieni wafadhili wa Ulaya barua." Barua tutaandika, hakuna ubaya. Lakini tutazame wenzetu wa pwani. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo, Tanzania, kilianza mwaka 1981. Mwaka 2002 ukumbi wake uliungua moto, na baadaye ukajengwa upya kwa msaada wa wafadhili. Hapo msaada ulifanya kazi nzuri. Katika Unguja, chuo cha muziki kiitwacho Dhow Countries Music Academy kilifunguliwa mwaka ule ule wa 2002, kikafundisha taarabu na ngoma za visiwani. Kwa miaka mingi kiliishi kwa misaada. Misaada ilipokoma, mwaka 2019 kilifika karibu na kufungwa. Ada ilikuwa kama dola 13 kwa mwezi, lakini wanafunzi wengi hawakuweza kuilipa. Ndipo kikaanza kuomba mchango kwa watu wote.

Tunajifunza nini? Mgeni anaweza kukujengea nyumba, lakini msumari wa kila mwaka, rangi na mshahara wa fundi vyataka mwenye nyumba.

Na mji wetu unajua jambo hili. Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wa Wakatoliki wa Butembo-Beni toka 1966 hadi 1997, aliwahimiza watu kutengeneza barabara kwa nguvu zao wenyewe. Sisi ni Waprotestanti, lakini jema ni jema. Wafanyabiashara wa Butembo nao walichanga kwa ajili ya barabara, hata kwa ofisi ya meya, wakati Serikali ilipokuwa mbali.

Lakini tunajua pia kwamba wazazi wamechoka. Masomo ya bure yaliyoanza mwaka 2019 yalifika shule za msingi. Sisi wa sekondari wazazi wetu wangali wanalipa. Tena sote tumeona michango ambayo hesabu yake haikusomwa hata siku moja. Ndiyo maana watu wanauliza, "Feza iko wapi?" kabla ya kuuliza "Ni ngapi?"

Kwa hiyo tumepatana hivi. Kwanza, kila mmoja atatoa kidogo kila muhula, anavyoweza. Asiyeweza atakuja Jumamosi katika salongo kubeba mchanga na matofali, na kazi yake itaandikwa katika daftari sawa na feza. Pili, hakuna atakayefukuzwa katika kwaya wala teatre kwa sababu hakutoa. Tatu, feza haitalala mfukoni mwa kapita: kila jioni itafikishwa kwa mtunza feza wa shule, mbele ya watu wawili, msichana na mvulana. Nne, hesabu itabandikwa mlangoni mwa jumba kila mwisho wa mwezi, na mwanafunzi yeyote, hata wa mwaka wa kwanza, ana ruhusa ya kuuliza.

Tunawaomba walimu watusahihishe pale tunapopungukiwa. Na ninyi wadogo zetu, sisi tutafanya mtihani wa Serikali na kwenda zetu. Pengine mabati mapya hatutaimba chini yake. Lakini daftari tutawaachia ninyi. Lisomeni kwanza, halafu mliendeleze.

Jumamosi ijayo tunaanza na mchanga. Mwenye koleo nyumbani aje nalo.