Mwenyeji Naye Ana Haki

Ndugu msomaji, hapa tumezoea kujadili bajeti, katiba na ajira za vijana. Leo naomba nizungumzie paka wawili wa nyumbani kwangu Iyunga.

Wa kwanza, Mwenyekiti, alikuwa wa marehemu mama. Tangu tumzike mama, paka huyo hulala juu ya khanga yake, nasi hatujathubutu kuifua. Mwezi Machi, siku ya mvua kubwa, binti yangu aliokota mtoto wa paka karibu na stesheni ya TAZARA. Nilimweka sebuleni mbele ya Mwenyekiti ili wazoeane. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," nilisema kwa majivuno ya msomi. Mwenyekiti alivimbisha mkia, akanguruma, akamparura mdogo puani, akatoka. Usiku wa pili binti aliniuliza, "Baba, na yeye tumempoteza?" Sikuwa na jibu.

Siku ya nne alirudi, amelowa na amekonda. Ndipo nikamwendea daktari wa mifugo. Alinieleza kwamba paka huitambua himaya yake kwa harufu. Anaposugua shavu kwenye mguu wa meza, huacha alama yake. Mgeni mwenye harufu ngeni kwake ni mvamizi, hata akiwa mdogo wa kuenea kiganjani.

Tukaanza upya. Mdogo alipewa chumba chake, bakuli lake na beseni lake la mchanga. Tulibadilishana vitambaa vyao vya kulalia, isipokuwa khanga ya mama. Kila mmoja alikula dagaa upande wake wa mlango uliofungwa. Wiki ya pili tuliuacha mlango wazi kwa upana wa vidole viwili. Ya tatu wakakutana kwa dakika chache, tukawatenganisha kabla hawajagombana. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyemwingiza mgeni bila kumwandaa mwenyeji, kisha nikamlaumu mwenyeji kwa roho mbaya.

Nikakumbuka wafugaji walioondolewa bonde la Usangu, Mbarali, mwaka 2006 na 2007, wengi wakielekezwa mkoani Lindi. Binadamu si paka, na hoja ya kuyanusuru maji ya Ruaha Mkuu ilikuwa nzito. Hata hivyo, mfugaji aliyefika na mkulima aliyemkuta walitakiwa kuishi pamoja wakati malisho, majosho na mipaka ya mashamba havijaandaliwa vya kutosha. Migogoro ilipozuka, wengi wetu tuliuliza nani mkorofi kati yao. Wachache walimwuliza aliyepanga safari.

Nawe mtumishi wa umma, kabla hujasaini barua ya kuhamisha watu, uliza: mgeni atakunywa maji wapi, na mwenyeji amehakikishiwa nini kwamba chake hakitaguswa? Ukarimu wa Mtanzania ni hazina, lakini haufanyi kazi ya mipango.

Juzi alfajiri nilimkuta mdogo amelala kwenye pindo la khanga ya mama, Mwenyekiti akiwa upande wa pili. Hawakugusana. Nilimwamsha binti yangu aje aone.