Saikolojia Huanzia Kidato cha Pili

Kila mara matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, simu yangu hugeuka kuwa mali ya wazazi. Wengi huulizia udaktari, sheria na uhasibu. Miaka hii ya karibuni limejitokeza swali ambalo zamani sikulisikia: kijana anataka kusomea saikolojia, apite njia ipi? Huulizwa kwa sauti ya chini kidogo. Mzazi mmoja aliniambia anahofia binti yake ataishia Mirembe, na hakuwa na maana ya kuajiriwa huko.

Hofu hiyo nitaiacha kwanza, maana tatizo kubwa zaidi ni kwamba swali lenyewe huja limechelewa. Kwa wengi, uamuzi ulikwishafanyika miaka miwili nyuma, pale mwanafunzi alipoingia kidato cha tatu akaruhusiwa kuacha Fizikia na Kemia. Hakuna aliyemwambia kwamba siku ile alikuwa anachagua aina ya mwanasaikolojia atakayekuwa.

Neno saikolojia kwetu hubeba kazi zisizofanana. Daktari wa magonjwa ya akili ni tabibu kamili: husoma udaktari wa binadamu miaka mitano, hufanya mafunzo kazini mwaka mmoja, kisha huongeza miaka mitatu ya uzamili. Mlango wake ni Fizikia, Kemia na Baiolojia, na hauna dirisha la pembeni. Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa. Hupima, husikiliza na kutibu kwa mazungumzo na mazoezi ya kubadili fikra na mwenendo, na huhitaji shahada ya uzamili kama ile inayotolewa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Kisha kuna saikolojia ya elimu, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na makao yake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ambayo imewapeleka wengi katika ualimu. Na kuna jirani zao, maofisa ustawi wa jamii. Kijana wa miaka kumi na sita husikia neno moja tu, na hulijaza picha za wahamasishaji wa majukwaani wanaouza vitabu vya mafanikio. Hao siwahesabu.

Mpwa wangu, aliye kidato cha pili katika shule ya kata, aliniuliza likizo iliyopita: "Shikamoo mjomba. Eti saikolojia ina hesabu?" Nikaitikia marahaba, kisha nikamwambia inazo, tena nyingi. Atakayepima kama tiba fulani inapunguza huzuni lazima ajue takwimu, la sivyo atabaki kubahatisha kwa maneno matamu. Aliguna. Nilimshauri asiiache Hisabati hata akiichukia, aipe Baiolojia uzito, na asiache Fizikia na Kemia mpaka awe na hakika kwamba haitaki hospitali.

Nikamwongezea somo la tano, akadhani namtania: Kiswahili. Nalisema hili kwa dhati. Chombo cha kazi cha mwanasaikolojia ni lugha. Vyuo vyetu humfundisha kwa Kiingereza, lakini atakayeketi mbele yake atamwambia "nina mawazo", "roho haitulii", "moyo unakwenda mbio", "kichwa kinajaa". Mtu anayesema ana mawazo hamaanishi kwamba anafikiri, anaeleza mzigo. Pengine ni njaa ya watoto, pengine ni ugonjwa wa sonona uliokomaa, na asiyeijua lugha kwa kina hataona tofauti. Mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta nchini Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alianza kuwatibu wagonjwa wa akili wakiwa wanaishi katika nyumba za wanavijiji, pamoja na ndugu zao, badala ya kufungiwa wodini. Alielewa kwamba mtu huugua akiwa ndani ya lugha yake na watu wake. Sisi tunamwambia anayechagua Kiswahili kidato cha tano kwamba amekosa la kufanya.

Mwaka 2024 serikali ilitangaza kwamba tahasusi za kidato cha tano zitakuwa 65. Ni hatua njema kwenye karatasi. Shuleni, tahasusi ni walimu. Shule isiyo na mwalimu wa Fizikia haina tahasusi za Fizikia, hata zingetangazwa mia. Mtoto wa shule ya kulipia jijini ana mtu wa kumweleza haya yote kabla ya kidato cha tatu. Mtoto wa kata ana mwalimu wa ushauri nasaha ambaye pia ana vipindi vingi kwa wiki, ni mwalimu wa darasa na, kwa kuwa kanuni zetu bado zinaruhusu viboko, huenda ndiye aliyekabidhiwa fimbo. Sijui ni mtoto gani atakwenda kumfungulia moyo mtu huyo.

Wenzetu mlio wizarani mnaosoma hapa mnalijua jambo jingine: kijana akishahitimu, dola yenyewe haijaamua inamtakia nini. Tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Papo hapo, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji wa jinai. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinapingana na katiba yao. Kwetu, mwanasaikolojia atampokea mgonjwa ambaye kisheria polisi nao wanaweza kumdai. Tukitaka vijana waipange taaluma hii wakiwa shuleni, ni haki yao kuona nafasi ya mwanasaikolojia katika ikama ya hospitali ya wilaya na katika ikama ya shule, kwa jina lake, kwa mshahara wake, bila kumbandika kazi hiyo mwalimu wa Jiografia.

Wanaharakati, hili linaweza kudaiwa halmashauri kwa halmashauri, kwa kuanza na swali dogo: ni shule ngapi zina mwalimu wa unasihi aliyepunguziwa vipindi ili afanye kazi hiyo?

Mpwa wangu ameamua kubaki na Fizikia. Shule yao haijawa na mwalimu wa somo hilo tangu alipohama wa mwisho, na wanafunzi tisa wanajifunza wenyewe mchana, baada ya vipindi, kwa kitabu kimoja. Mwezi ujao anachagua.