Bunduki Haikufungwa, Ilihitaji Kuchunguzwa

Anayelima muhogo na viazi vitamu katika vijiji vya Kibaha na Kisarawe hahitaji kuelezwa habari za nguruwe pori. Kundi moja likiingia shambani usiku, asubuhi mwenye shamba huokota mabua na kuhesabu mashimo. Hapa kwetu Zegereni viwanda vimejengwa na barabara zimechongwa, lakini vichaka vingalipo baina ya kiwanda na shamba, na mnyama hupita humo humo.

Shida hii si ngeni katika ardhi ya Wazaramo. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala ya kitaaluma iliyochapishwa mwaka 1997, alieleza jinsi nguruwe pori na njaa vilivyohusiana na kuzuka kwa Vita vya Majimaji upande huu. Serikali ya Wajerumani ilibana uwindaji, wanaume wakachukuliwa kwenda kufanya kazi mbali na makwao, na mashamba yakabaki mikononi mwa wanawake bila walinzi wa kutosha. Kwa hiyo mkulima wa Pwani anapozungumzia nguruwe, anazungumzia chakula cha watoto wake.

Kwa ajili hiyo nyumba yetu ilishauriana, ikafuata taratibu zote, ikanunua bunduki ya kuwindia, mpya, ya kipimo cha .30-06, yenye darubini ya kulengea. Leseni ina jina la kaka yetu mkubwa. Silaha hii inasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na nyumbani kwetu hakuna mwingine anayeifyatua. Sisi wengine tulikuwa wasaidizi: kubeba mifuko ya mchanga, kupachika karatasi za shabaha, na kuandika kila kilichotokea katika daftari. Mama naye aliweka sharti lake, kwamba bunduki haitakwenda shambani mpaka aione karatasi ya shabaha kwa macho yake.

Ilipelekwa kwenye uwanja wa shabaha wenye ruhusa, karatasi ikawekwa umbali wa mita 100. Risasi ya kwanza ilipiga karibu na kitovu. Ya pili ikapanda vidole viwili. Ya tatu ikapanda zaidi, na ya tano ikawa imefika shubiri nzima juu ya ile ya kwanza. Siku ya pili mambo yakawa yale yale. Bunduki mpya, iliyogharimu akiba ya misimu kadhaa, ilikuwa haiaminiki.

Habari hazikukawia kuenea. Jirani yetu mmoja, mzee tunayemheshimu, alikuja jioni kwa nia njema kabisa. Akasema, "Wanangu, bunduki hiyo imefungwa. Huu mji una wenyewe. Kamwoneni mtu." Tukamjibu kwa adabu, "Tumekusikia, babu. Tupe nafasi kwanza tuangalie skrubu." Mzee akacheka, nasi tukacheka, lakini maneno yake tuliyafikiri sana usiku ule, kwa kuwa si yeye peke yake asemaye hivyo. Katika vijiji vyetu silaha isiyopiga sawasawa hupelekwa kwa mganga upesi kuliko kwa fundi. Wapiganaji wa Majimaji waliahidiwa kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji, hazikugeuka. Risasi hufuata kanuni alizoziweka Mwenyezi Mungu katika chuma, joto na upepo. Kufunga tulikofundishwa sisi katika dini yetu ni kule kwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo mtu atawakali.

Basi tukaanza kutafuta sababu, kwa sharti moja: kubadilisha jambo moja tu kila mara. Anayebadilisha risasi, akakaza skrubu na kusafisha mtutu kwa siku moja, hata akifanikiwa hatajua kilichomponya.

Jambo la kwanza lilikuwa darubini. Skrubu zinazoishikilia juu ya bunduki zikilegea hata kidogo, kila mshindo huisogeza, na mlengaji hubaki akilifuata kosa lisilotulia. Msimamizi wa uwanja, askari mstaafu, alihakikisha kwanza kuwa chumba cha risasi ni kitupu, kisha akazikagua moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa imara, pamoja na zile zinazounganisha chuma na mbao. Jambo la pili lilikuwa usafi. Bunduki mpya huweza kutoka kiwandani na mafuta mazito ndani ya mtutu, na risasi nazo huacha ukoga wa shaba katika ile mifereji inayoizungusha risasi inapotoka. Mtutu ukasafishwa vizuri, na mdomo wake ukakaguliwa usije ukawa na mkwaruzo. Risasi ziliendelea kupanda.

La tatu lilikuwa risasi zenyewe. Kila mtutu una risasi unayoipenda. Mbili zilizotoka kiwanda kimoja zinaweza kupigwa sawa na mtutu huu na vibaya na mwingine. Tulianza na risasi ya gramu 11.7, kisha tukajaribu ya gramu 9.7. Matundu yalihama mahali pake, lakini mpando ulikuwa ule ule.

La nne lilihitaji unyenyekevu wa kaka yetu, kwa sababu lilikuwa kumpima yeye. Bunduki ya namna hii ina mshindo mkali, na bega likishauonja, mkono huweza kushtuka kabla kifyatulio hakijavutwa sawasawa. Msimamizi alichanganya risasi za kweli na za bandia bila kumwambia ipi ni ipi. Ilipofika ya bandia, kifyatulio kikalia na mtutu ukabaki umetulia juu ya mfuko wa mchanga. Mpigaji hakuwa na tatizo.

Tukabaki na daftari. Tulipolisoma upya tuliona kuwa risasi ya kwanza, mtutu ukiwa baridi, ilikwenda mahali pake kila siku. Upotevu ulianza kadiri chuma kilivyopata moto. Siku iliyofuata kaka alisubiri mtutu upoe kabisa baada ya kila risasi, na mpando ukapungua sana. Msimamizi akatoa noti mfukoni, akaipitisha baina ya mtutu na ule mkono wa mbao ulio chini yake. Noti ilitakiwa kupita bila kizuizi hadi karibu na chumba cha risasi. Ikakwama njiani.

Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa. Mbao za bunduki ile zilikuwa zimeugusa mtutu. Mbao hunywa unyevu na kuvimba, na hewa yetu ya Pwani, hasa mvua za vuli zinapokuwa zimekaa, ina unyevu wa kutosha kuuvimbisha mlango wa nyumba usifunge, seuze kipande chembamba cha kitako. Chuma kinapopata moto hutanuka. Kikikuta mbao zimekibana upande mmoja, husukumwa upande wa pili, na kila risasi huongeza kidogo. Fundi wa silaha mwenye leseni alikwangua mbao mpaka mwanya ukapatikana, akazipaka vanishi ndani na nje ili zisinywe maji tena. Tuliporudi uwanjani, matundu yote matano yalifunikwa na kikombe kimoja cha kahawa. Mama alipelekewa karatasi, akaweka kikombe chake mwenyewe juu yake, akaridhika.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza: kwa nini juhudi yote hii kwa ajili ya nguruwe? Jibu letu la kwanza ni jirani. Risasi ya .30-06 isiyozuiwa na kitu inaweza kusafiri zaidi ya kilomita tatu. Zegereni ya leo ina watu wanaotoka zamu ya usiku viwandani wakipita njia za vichakani, na watoto wanaokwenda madrasa. Mwenye silaha anawajibika kujua risasi yake itakwenda wapi, na kuhakikisha nyuma ya shabaha kuna udongo wa kuizuia. Silaha ni amana, na amana haina msamaha wa kusema "ilikwenda pembeni."

Jibu la pili ni mnyama mwenyewe. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba ihsani imefaradhishwa katika kila jambo, hata katika kuua na kuchinja, na kwamba mnyama asiteswe. Nyama ya nguruwe ni haramu kwetu, lakini uharamu wa nyama yake haukuhalalisha mateso yake. Nguruwe aliyevunjwa taya na kukimbilia kichakani kufa kwa siku tatu ni dhulma iliyoandikwa. Na kwa mnyama halali, kama swala au paa, mwindaji mwenye kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ana hesabu nyingine tena. Anapaswa kulitaja jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, na akimkuta mnyama yu hai amchinje. Akimkuta ameangukia majini na haijulikani kama ameuawa na risasi au na maji, humwacha. Risasi iliyolengwa vizuri huziondoa shaka nyingi za namna hii kabla hazijazaliwa.

Tunawashauri wenye silaha halali, na wake zao na wazazi wao pia, waulize karatasi ya shabaha kama mama yetu alivyoiuliza. Nguruwe wakizidi, taarifa ifike kwanza kwa afisa wanyamapori, kwani sheria inatambua kulinda maisha na mali lakini inataka pia taarifa. Tangu itengenezwe, bunduki yetu imefyatuliwa shambani mara mbili tu. Kazi kubwa bado inafanywa na uzio wa miiba, debe linalopigwa usiku na vijana wa zamu. Muda mwingine wote silaha imo katika kabati la chuma lenye kufuli, na kila vuli inapoanza, noti hupitishwa tena chini ya mtutu.