Orodha Iliyokatwa Mapande Matatu

Abiria akimwona rubani uwanjani huangalia mistari ya dhahabu mabegani: minne ni kapteni, mitatu ni msaidizi wake. Marubani wenyewe wanaangalia kitu kingine kabisa. Wanataka kujua ni wangapi wamewatangulia. Mashirika mengi makubwa ya ndege yana orodha moja, aliyeajiriwa zamani juu, aliyeajiriwa jana chini, na ndiyo inayoamua nani apande ukapteni, nani ahamie ndege kubwa, nani apewe kituo cha kazi karibu na kwake na nani apelekwe asikotaka, nani ale sikukuu na wanawe. Ukiacha kazi, namba yako unaiacha hapo hapo. Kapteni wa miaka 20 akihamia shirika jingine kwa kawaida anaanzia mkiani, nyuma ya vijana ambao angeweza kuwa mwalimu wao.

Mashirika yanapoungana au kuvunjika, magazeti huandika habari za madeni, hisa na rangi mpya za ndege. Orodha haitajwi. Yetu ya Afrika Mashariki ilikatwa mapema mwaka 1977, na sisi tuliokuwa watoto Dar es Salaam wakati huo tulichojua ni kwamba ile ndege ndefu yenye injini nne mkiani haiji tena.

East African Airways ilianza Januari 1946, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ikiwa na vindege vidogo vya Dragon Rapide. Mwaka 1960 zikaja Comet, mwaka 1966 zikaja Super VC10, na shirika la nchi maskini likawa linashusha watu London na Bombay kwa ndege ambayo Waingereza wenyewe walikuwa wakijivunia. Makao makuu yalikuwa Nairobi na karakana kubwa Embakasi. Kijana wa Moshi au wa Jinja aliyetaka kurusha ndege kubwa alijua mapema kwamba atahamia Nairobi, atapanga nyumba huko na watoto watasoma huko.

Sitaki kupaka asali. Kwa muda mrefu viti vya mbele vilikaliwa na Wazungu, na Waafrika waliingia kwa kuchelewa. Shule ya urubani ya pamoja ilifunguliwa Soroti, Uganda, mwaka 1971 tu, yaani Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imebakiza miaka michache ya kuishi. Waliokuwa Dar na Entebbe nao walinung'unika kwamba kila kilicho kizuri kinaishia Nairobi, na hawakuwa wanasema uongo.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo leo nikilifikiria linanitia wivu. Ndege za shirika hilo ziligawanywa kwa usajili, si kwa matumizi. Kati ya zile Super VC10 tano, mbili zilikuwa na herufi za Uganda, 5X-UVA na 5X-UVJ. Mbili za Tanzania, 5H-MMT na 5H-MOG. Na moja ya Kenya, 5Y-ADA. Zote zilifanya kazi pamoja.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu Upanga, aliyeanza na Fokker Friendship akaishia DC-9, aliwahi kunionyesha kitabu chake cha kuandikia saa za kuruka. Ni daftari refu la jalada gumu, safu ya tarehe, safu ya namba ya ndege, safu ya kutoka na kwenda, safu ya saa na dakika, yote kwa wino wa bluu na mwandiko wa mtu asiyependa kufuta. Kwenye kurasa za mwaka 1974 safu ya pili imechanganyikana: 5Y, chini yake 5H, chini yake 5X, tena 5H, tena 5Y. Asubuhi ndege ya Uganda, jioni ya Kenya, mwenyewe Mtanzania. Ukifika mwishoni mwa 1977 ni 5H tupu kutoka juu hadi chini ya ukurasa, na safu ya kutoka na kwenda nayo imefupika. Dar, Mwanza, Kilimanjaro, Dar.

"Sasa, Kapteni," nikamwuliza, "shirika lilipovunjika ulipanda au ulishuka?"

Akacheka. "Nilipanda, mwanangu. Tulibaki wachache, namba yangu ikaruka nikajikuta karibu na wakubwa. Ila nilipandishwa ngazi kwenye nyumba isiyo na ghorofa."

Sijasikia mchumi aliyeieleza 1977 vizuri kuliko hivyo. Kenya Airways iliruka Februari 4 mwaka huo kwa Boeing 707 mbili za kukodi kutoka British Midland. Air Tanzania iliundwa Machi. Uganda ilikwishaunda shirika lake mwaka uliotangulia. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, ukakaa umefungwa hadi 1983, kwa hiyo aliyekuwa na kituo Embakasi na pasipoti ya Tanzania hakuwa na la kuuliza. Leseni nazo zikawa za kila nchi. Anayejua kurusha VC10 haruhusiwi kukaa kwenye 707 bila kusomea upya ndege hiyo, na ilikuwa bahati ya mtu kama shirika la kwao lilikuwa na ndege ya kumsomesha.

Super VC10 zenyewe, nne zilizobaki baada ya ile ya Uganda kuanguka Addis Ababa Aprili 1972, zilirudi Uingereza. Jeshi la anga la huko likazigeuza kuwa ndege za kujazia ndege nyingine mafuta angani. Iliyokuwa 5H-MMT ilipewa namba ZA147 na kustaafu Septemba 2013, miaka 36 baada ya mwajiri wake wa kwanza kufa. Ndege ilipata kazi ya kudumu kuliko wengi waliokuwa wakiirusha. Mgawanyo wa mali na madeni ya Jumuiya ulikubaliwa Arusha Mei 1984, baada ya miaka ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht. Majengo, mabehewa na fedha vilipata wa kuvihesabu. Namba za marubani hazikuwa na thamani kwenye hesabu hiyo.

Wapo wanaosema dawa ni kuungana tena. Hao nawaonyesha St. Louis. American Airlines ilipoinunua TWA, shirika jingine la Marekani, mwaka 2001, marubani kama 2,300 wa TWA waliingizwa kwenye orodha ya American, na zaidi ya nusu yao wakawekwa mkiani, chini ya watu walioajiriwa miaka mingi baada yao. Walipewa kinga: mradi wabaki kituo cha St. Louis, wangetengewa sehemu ya nafasi za ukapteni. Kisha ikaja Septemba 11, kampuni ikaanza kupunguza watu kuanzia chini ya orodha, na Novemba 2003 ikakata safari za St. Louis karibu nusu. Kinga ya kituo ina maana gani kituo chenyewe kikinyauka? Mwaka 2007 Marekani ilitunga sheria ya kutaka orodha ziunganishwe kwa haki. Marubani wa TWA walikishtaki chama chao wenyewe kwa kutowatetea, wakashinda mbele ya baraza la mahakama mwaka 2011, wakalipwa dola milioni 53. Fedha hizo hazikumrudisha mtu kwenye kiti cha kushoto, kile cha kapteni.

Sisi nasi tulijaribu ndoa ndogo ndogo. Alliance Air, ya Afrika Kusini, Tanzania na Uganda, ilikufa mwaka 2000. South African Airways ikanunua asilimia 49 ya Air Tanzania mwaka 2002, na kufikia 2006 wakawa wameachana.

Leo Air Tanzania ina Dreamliner, Uganda ina Airbus A330 mbili, Kigali na Nairobi nao wana zao, na kila shirika lina orodha yake fupi. Kijana mwenye leseni anahesabu waliomtangulia, anahesabu ndege kubwa zilizopo, anapiga hesabu ya umri wake, kisha anatuma maombi Dubai na Doha. Huko ataanzia chini, lakini chini ya orodha inayotembea. Jumuiya mpya ina wakala wa usalama wa anga pale Entebbe unaooanisha kanuni, jambo jema, ila leseni bado inatolewa na mamlaka ya kila nchi.

Mwaka 2021 Kenya Airways na South African Airways zilipotia saini makubaliano ya kuelekea shirika moja la Afrika, nilimpelekea mzee wa Upanga gazeti. Alisoma habari yote, akageuza ukurasa kutafuta kama inaendelea, akarudi mwanzo.

"Hawajasema orodha itaanzia kwa nani," akasema, na kuniomba nimsomee habari za mpira.