Kikaguzi Hakina Undugu

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole vingi visipopatana, chawa hutoroka na kichwa hubaki kikiwasha. Hayo niliyashuhudia hapa Isiolo, sisi wanafunzi sita tulipoandika programu ya kuhesabu vitabu vya maktaba.

Tulitumia lugha ya Python, kila mmoja kwa mtindo wake. Huyu aliacha nafasi nne mwanzoni mwa mstari, yule mbili, mwingine alibonyeza kitufe cha tabu. Mmoja alikiita kitabu "kitabu", mwenzake "ktb", wa tatu "x2". Siku ya kuunganisha kazi, programu ilikataa katakata! Python huzisoma nafasi hizo kama sisi tusomavyo nukta na mkato. Tabu na nafasi zikichanganywa ovyo, husimama. Alasiri mbili nzima tulisaka kosa lisiloonekana kwa macho.

Mwalimu mlezi akatuletea dawa: programu ndogo ikaguayo msimbo kabla haujapokelewa. Huitwa linta. Ya kwanza iliandikwa na Stephen C. Johnson wa Bell Labs, Marekani, mwaka 1978, ikapewa jina la zile nyuzinyuzi zing'ang'aniazo nguo. Kanuni za Python nazo ziliandikwa mwaka 2001: nafasi nne kwa kila ngazi, mstari usizidi herufi 79.

Tukaafikiana kuwa kazi isiyopita kwa linta haiingii. Hapo ndipo vita vilipoanza. Fundi wetu mkubwa, aliyeandika nusu ya programu, alirudishiwa kazi mara tatu. Akafoka, "Sasa hii ni maneno gani? Yangu inafanya kazi! Kwani mashine ndiyo mwalimu?" Akatishia kutuacha, na bila yeye tusingemaliza. Wengine wakanong'ona, "Si tumwachie yeye tu, bwana?"

Mimi nilipinga. Tukimwachia yeye, yule mdogo wa kidato cha pili tutamwambia nini? Hapa kwetu wazee wa dedha wa Waborana hupanga malisho ya masika na ya kiangazi. Sheria ikimhurumia mwenye ng'ombe wengi, nyasi za kiangazi zitaliwa mvua ikingali inanyesha, na wote watalia.

Tena mambo haya si urembo mtupu. Mwaka 2014 iligunduliwa kwamba mstari mmoja uliorudiwa, uliopangwa kana kwamba uko mahali pake, ulivuruga ukaguzi wa usalama katika simu na kompyuta za Apple. Mtu akipitisha macho haraka, hauoni.

Hata hivyo, fundi alikuwa na haki yake. Kanuni nyingine zilikuwa za kuchosha tu. Tukakubaliana mstari ufike herufi 100, na nafasi zirekebishwe na mashine yenyewe badala ya kugombeza watu. Akanuna siku mbili, kisha akarudi. Tulichelewa, lakini tulimaliza, na leo yeyote kati yetu anaweza kusoma kazi ya mwenziwe.

Waama, linta haijui kama umejumlisha pale ulipopaswa kutoa. Hilo lahitaji jicho la binadamu. Faida yake ni kwamba haimwogopi mkubwa wala haimdharau mdogo. Basi wenzangu, mkianza kazi ya pamoja, wekeni sheria mapema, ziwe chache, na ziwapate wote. Sheria ichaguayo watu si sheria, ni upendeleo.