Babu Yangu Askari na Dada Yake wa Ng'ambo ya Songwe

Katika nchi yetu ya Mwaya ni nyumba chache zisizokuwa na mtu aliyechukuliwa katika vita vya 1914. Habari zao zilisimuliwa jioni motoni, wala hazikuandikwa, na wale walioziona kwa macho wamekwisha kututoka wote. Kwa hiyo naandika za babu yangu, mzaa baba, kama nilivyozipokea kwa bibi, mkewe, aliyefariki mwaka wa Uhuru, 1961.

Babu alikuwa askari wa kombania ya 5 ya Wadachi, iliyokaa Masoko, kando ya lile ziwa dogo la mlimani. (Watu husema hata leo ya kuwa Wadachi walipokimbia walitupa fedha zao katika maji yale. Babu alipoulizwa alicheka, akasema kama angaliijua siri hiyo asingalilima mpunga kwa jembe la mkono.) Hakuingia kwa kupenda bunduki. Dada yake mkubwa alikuwa ameolewa kwa Wangonde, karibu na Karonga, na ng'ombe watatu wa mahari yake ndio waliotolewa ili babu naye apate kuoa. Ndiyo desturi ya Wanyakyusa, ng'ombe wa dada humwoza kaka. Lakini baba yake bibi alitaka watano. Basi babu akaenda Masoko kutafuta rupia za wawili waliosalia.

Yafaa vijana wajue ya kuwa mto Songwe haukuwa mpaka siku zote. Wadachi na Waingereza waliufanya mpaka kwa mkataba wao wa 1890, wakiwa mbali sana nasi. Wangonde na Wanyakyusa husikilizana lugha, na watu walivuka kwa mitumbwi kwenda arusini na matangani bila kuuliza bendera ya nani iko upande upi.

Vita vilifika kwanza kwa njia ya maji. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliipiga mizinga meli ya Wadachi, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu huko Liuli. Mwezi uliofuata Wadachi wakavuka Songwe. Askari wengi wa Karonga walikuwa wametoka kuwatafuta, wakapishana njiani. Na asubuhi ya tarehe 9 Septemba Wadachi wakaushambulia mji uliobakiwa na walinzi wachache. Wachache wale walishikilia hata wenzao waliposikia mizinga wakarudi mbio. Wadachi wakashindwa, wakarudi ng'ambo.

Babu hakumwambia bibi alipiga risasi ngapi siku ile. Alisimulia jambo moja tu. Katika migomba, nje ya mji, aliona chungu juu ya mafiga, moto ungali unawaka, na wenyewe wamekimbia. Alisimama pale hata ombasha wake akamsukuma kwa kitako cha bunduki, kwa maana hakujua kama yale ni mafiga ya dada yake.

Mwezi Mei 1916 Jenerali Northey aliingia nchi yetu na majeshi ya Waingereza, akatwaa Tukuyu. Babu akaondoka na Wadachi. Bibi akabaki Mwaya na mtoto mgongoni, ndiye baba yangu. Kwa kuwa hapakuwa na barabara ya magari kutoka ziwani kupanda milimani, kila gunia la jeshi la Northey lilikwenda kichwani mwa mtu. Huko Nyasaland, yaani Malawi ya leo, wapagazi hao waliitwa tengatenga. Shemeji yake babu, mume wa yule dada, alikamatwa awe mmoja wao. Akafa kwa kuhara damu njia ya Njombe, amebeba chakula cha jeshi lililomsaka kaka wa mkewe.

Babu alivuka Ruvuma na von Lettow-Vorbeck mwezi Novemba 1917, wakazunguka katika nchi ya Wareno karibu mwaka mzima, wakarudi mwisho wa Septemba 1918. Wakapita Ubena, wakafika Mbozi. Kutoka Mbozi mtu huweza kufika Mwaya kwa miguu kwa siku chache. Wengi katika jeshi lile waliondoka walipokaribia kwao, na babu naye usiku mmoja aliegemeza bunduki mtini, akashika njia. Wenziwe waliovumilia waliweka silaha chini huko Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba, askari zaidi ya 1,100. Nao miaka ya baadaye Wadachi waliwalipa mishahara iliyolimbikizwa. Babu hakupata hata senti.

Juu ya jambo hili ukoo wetu uligawanyika, na wazee wengine walimwita mtoro mpaka anazikwa. Bibi hakukubali. Alisema babu aliingia mlangoni wakati wa mafua makuu ya mwaka ule, akamkuta yeye na mtoto wamelala siku ya tatu bila mtu wa kuwapa maji, maana nyumba za jirani zilikuwa hivyo hivyo. Akawasha moto, akapika uji. Mimi mwana wa mtoto yule siwezi kuwa upande wa wazee.

Baadaye habari ikaja kutoka ng'ambo. Ndugu wa marehemu alitaka kumrithi dada kama ilivyokuwa desturi, naye, akiwa Mkristo, amekataa. Basi ng'ombe wa mahari warudishwe. Ng'ombe gani? Walikuwa wamekwisha kumwoa bibi zamani, na zizi la ukoo lilikuwa limeliwa na majeshi. Babu akaenda Lupa kwenye dhahabu, akachimba kwa mshahara wa mwezi, akarudi, akaenda tena. Alipeleka ng'ombe mmoja mmoja. Watatu walimchukua miaka minne.

Alipompeleka yule wa mwisho, dada yake alimwandalia chakula, lakini hakusema naye. Babu ndipo alipomweleza habari ya chungu.

Dada akauliza, "Kilikuwa na nini ndani?"

"Ndizi."

"Basi ni changu," akasema. "Ziliungua."

Akachukua wanawe wawili, wakavuka pamoja naye kuja Mwaya. Babu alimkatia shamba la mpunga karibu na lake, na wale watoto walisoma na baba yangu darasa moja. Mkubwa alirudi Karonga alipokuwa mtu mzima, akaoa huko. Wajukuu wake huja kwetu wakati wa mavuno, siku hizi wakiwa na hati za mpakani, na shamba lile la nyanya yao tunawalimia hata leo.